Betri yasema volti 9, barieri yagoma kupanda: jibu kwa kijana wa Kadutu

Swali: «Jambo sana, mkubwa. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa umeme, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mjomba alinipatia seti ya wanaoanza ya Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuandikiwa programu, nikatengeneza barieri ndogo, kizuizi cha barabara kama kile cha mpaka wa Ruzizi. Kihisi cha mwangwi kinaona gari la kuchezea, servo, ile mota ndogo inayogeuka kwa amri, inainua mti wa barieri, skrini inaandika KARIBU BUKAVU. Ikiwa kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri, ila skrini hupepesa mara mojamoja. Nikiweka betri ya mraba ya volti 9, servo inatetemeka, maandishi yanafifia, programu inaanza upya tena na tena. Nimepima betri, ni volti 9.2. Nimenunua tatu, zote vilevile. Jirani akaniazima adapta ya modemu yake, volti 12. Ilikwenda dakika nne hivi, ikazima, ikarudi yenyewe, na bodi ilikuwa ya moto karibu na tundu la umeme. Rafiki yangu anasema bodi ni bandia, niitupe. Je, imekufa? Halafu nyumbani tuna paneli ya sola na betri ya gari. Naweza kuunga humo moja kwa moja?»

Mdogo wangu, jambo sana. Bodi usiitupe. Bodi iliyokufa haiinui barieri hata mara moja, na yako inaiinua vizuri ikiwa kwenye kompyuta. Mgonjwa hapa ni umeme unaoilisha, na ana magonjwa mawili tofauti yanayofanana kwa sura: moja ni la betri, la pili ni la adapta. Ndiyo maana umezunguka bila kufika. Ulitibu yote mawili kana kwamba ni moja.

Ngoja nianze na kitu unachokijua kuliko mimi ninavyoijua barieri yako. Jioni, umeme ukirudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, mtaa mzima unachomeka resho, majiko ya umeme, kwa pamoja. Taa ya nyumbani kwenu haizimi, inageuka njano, halafu nyekundu kama kaa la mkaa. Televisheni inazima na kuwaka. Saa nane za usiku, watu wamelala, taa hiyohiyo inang'aa mpaka inakuamsha. Maji ya Ruzizi ni yaleyale, mitambo ya kuzalisha umeme ni ileile, ile ya kwanza ya miaka ya 1950 na ya pili ya mwaka 1989. Kilichobadilika ni mzigo. Kila ampea inayopita kwenye waya mwembamba na viungo vilivyolegea inaacha sehemu ya volti njiani, na kinachofika nyumbani ni masalio. Ukipima soketi saa nane za usiku utapata 220 na utakuwa umesema kweli. Lakini swali lilikuwa la jioni.

Ile 9.2 yako ni kipimo cha saa nane za usiku.

Uliishika betri mkononi, haina kazi yoyote, ukagusa kwa multimita, kipima umeme chako. Multimita haivuti karibu chochote, kwa hiyo betri ilikuonyesha uso wake wa kupumzika. Betri iliyochoka, hata iliyokaribia kufa, huweza kuonyesha volti 9 nzuri ikiwa imelala. Ningependa ulikumbuke hili kuliko mengine yote nitakayokuandikia: umeme hupimwa kazi ikiwa inaendelea. Mimi nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya kwanza ya ufundi nilifungua amplifaya ya mteja mara tatu, nikabadilisha vipuri ambavyo havikuwa na kosa, kwa sababu nilipima ralonji yake, waya wa kurefushia umeme, ikiwa haina kitu nikakuta 220. Siku ya nne nilipima huku amplifaya ikipiga: 150. Kiungo ndani ya ralonji kilikuwa kimeungua. Mteja alikuwa amekwisha kulipa vipuri. Nilimrudishia pesa yake, na tangu siku hiyo sijapima kitu kilicholala nikatoa hukumu.

Sasa tuingie ndani ya betri yako. Ile ya mraba ina vijibetri sita vidogo vya volti 1.5 vilivyopangwa mfululizo. Kwa kuwa ni vidogo, vina ukinzani wa ndani mkubwa, kama mrija mwembamba ulioungwa kwenye pipa: maji yamo, lakini hayatoki kwa wingi. Tazama maandishi kwenye ganda. Ikiwa ni 6F22, ni ya zinki na kaboni, aina ya bei nafuu zaidi. Ikiwa ni 6LR61, ni ya alkali, ambayo ina nguvu zaidi, ingawa nayo haikuumbwa kwa kazi ya mota. Fungua multimita yako uone inatumia betri gani. Kwenye nyingi za bei nafuu utaikuta ileile ya mraba, na inakaa humo miaka, kwa sababu multimita inakunywa miliampea chache tu. Hiyo ndiyo kazi inayoiweza.

Tuhesabu barieri yako. Bodi ya Uno peke yake inavuta karibu miliampea 50. Taa ya skrini inaongeza 20 hivi, na kihisi cha mwangwi kinaongeza 15. Mpaka hapo hakuna shida. Servo ndogo ya buluu ya kwenye seti hizi, ikiwa imetulia, haizidi miliampea kumi hivi. Ikianza kuzunguka inapanda hadi 200 na zaidi, na pale inapoamka kutoka kusimama, au mti ukikwama, inaweza kupita 600 kwa muda mfupi. Kwa hiyo kazi ya kawaida tuseme ni 300. Chukua betri ya zinki iliyokaa juani sokoni miezi kadhaa, tuipe ukinzani wa ndani wa ohmu 10. Zidisha 10 kwa 0.3: volti 3 zinabaki ndani ya betri. Kati ya 9.2 zinatoka 6.2. Hizo hazifiki zote. Kwenye bodi, baada ya tundu la umeme, kuna dayodi ya kuzuia umeme uliogeuzwa, inachukua 0.7. Zimebaki 5.5. Halafu regulata, ile inayotengeneza volti 5, inahitaji volti 1 na zaidi juu ya kile inachokitoa. Mwisho wa safari unapata 4.4 badala ya 5. Hapo ndipo maandishi ya skrini yanafifia. (Usikizungushe kile kiskurubu cha mwangaza wa herufi nyuma ya skrini kutafuta dawa. Kikiwa sawa kwenye kompyuta, ni sawa.)

Halafu fikiria ile nukta servo inapoamka, na kuvuta miliampea 600. Volti 6 zinapotea ndani ya betri, zinatoka 3.2, na zikishapita dayodi na regulata hazifiki hata 2. Chipu ya Uno imewekewa mlinzi ndani yake: volti ikishuka chini ya 2.7, anaizima na kuianzisha upya ili isifanye kazi kwa wazimu. Programu inaanza mwanzo. Na kitu cha kwanza programu yako inachofanya, nina hakika, ni kuiamsha servo na kuipeleka mahali pake pa kuanzia. Servo inaamka, volti inaanguka, mlinzi anazima, programu inaanza mwanzo. Ndiyo ile «tena na tena» uliyoiona. Hakuna kosa kwenye programu, na hakuna kosa kwenye servo.

Kwenye kompyuta mambo ni tofauti kwa sababu umeme wa USB unafika ukiwa tayari ni volti 5. Haupiti dayodi ile wala regulata, na tundu la kawaida la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa miliampea 500. Kule kupepesa kwa skrini mara mojamoja ni servo inapoamka, kwa hiyo hata pale ulikuwa ukingoni. Usijaribu kuchomeka betri na kompyuta kwa pamoja ukidhani utauona ugonjwa vizuri zaidi. Bodi hii huchagua yenyewe chanzo cha umeme, na volti ya tundu la betri ikishuka mno inahamia kwenye USB. Ugonjwa utajificha, utadhani umepona.

Sasa adapta ya jirani. Adapta haina ukinzani mkubwa kama betri, ndiyo maana ilienda dakika nne bila shida. Tatizo lake ni joto. Regulata ya Uno haibadilishi volti zilizozidi kuwa kitu cha maana. Inazichoma tu. Kutoka 12, dayodi imechukua 0.7, bodi inataka 5, zimezidi 6.3. Zidisha kwa 0.3 ya ampea: karibu wati 2 za joto ndani ya kipande chenye ukubwa wa punje ya hindi. Zaidi ya nusu ya umeme wote unaotoka kwenye adapta unaishia kuwa moto. Regulata ina ulinzi wake: ikizidi joto inajizima, ikipoa inajiwasha. Ulipoona barieri inazima na kurudi yenyewe, ulikuwa unautazama ulinzi huo ukifanya kazi. Mrudishie jirani adapta yake mapema, na modemu yake pia itafurahi. Michoro husema tundu hilo linapokea volti 7 hadi 12, na ni kweli, lakini 12 inafaa pale unapovuta mkondo kidogo. Kwa servo, 12 kupitia tundu lile ni kuikaanga regulata.

Mpaka hapa ni maelezo yangu. Sitaki uyaamini kwa sababu mimi ni mkubwa. Uyapime.

Multimita kwanza. Waya mweusi kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu lenye V. Usiache mwekundu kwenye tundu la 10A ukapima volti, maana humo ndani ni kama waya mtupu, na utapiga shoti. Kizungusho cha katikati kiwe kwenye 20 upande wa V yenye mstari ulionyooka. Na kama alama ya betri inaonekana kwenye kioo cha multimita, badilisha betri yake kwanza: multimita hizi za bei nafuu zikiishiwa betri husoma juu kuliko ukweli, na utadhani una volti ambazo huna. Umebaki na betri mbili mpya, moja sasa imepata kazi.

Ondoa kila kitu kwenye bodi, servo, skrini, kihisi, vyote. Ichomeke kwenye kompyuta, pima kati ya pini ya 5V na GND, ile ya hasi. Ukipata kati ya 4.75 na 5.1, na ile programu ya mfano ya kuwasha na kuzima taa ndogo yenye alama L ikiingia na kufanya kazi, bodi ni nzima. Hilo ndilo jibu kwa rafiki yako. Kuhusu ubandia, mchoro wa Arduino umewekwa wazi kwa watu wote tangu kazi hiyo ilipoanza Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kiwanda chochote kinaruhusiwa kutengeneza bodi ya mchoro huo, mradi kisijibandike jina la Arduino. Bodi nyingi zinazofika kwetu ni za namna hiyo, zina chipu ya USB iitwayo CH340 badala ya ile ya asili, na zinafanya kazi. Nimefundishia nazo miaka.

Baada ya hapo rudisha kimoja kimoja: skrini, pima. Kihisi, pima. Servo mwisho. Usirudishe viwili kwa pamoja hata kama mikono inawasha.

Ukifika kwenye servo utakutana na ugumu mmoja. Multimita inaonyesha namba mpya mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na servo inaamka kwa kasi zaidi ya hapo. Volti itaanguka na kuinuka kabla kioo hakijajua. Kwa hiyo fanya ujanja: andika programu fupi inayoipeleka servo 0 hadi 90 na kurudi bila kupumzika hata kidogo. Sasa kazi ni ya mfululizo na multimita itaona. Usiikamate servo kwa vidole kwa muda mrefu ili uongeze mzigo. Meno yake ni ya plastiki, na mota iliyozuiwa inaungua. Pia weka mwanzoni mwa programu, kwenye setup, sehemu inayotekelezwa mara moja bodi inapoanza, maandishi NIMEANZA yakae kwenye skrini sekunde mbili kabla servo haijaguswa. Kila ukiyaona yanarudi, bodi imezimwa na kuanza upya, huhitaji kubahatisha. Hata bila skrini, taa ya L hupepesa harakaharaka kila bodi inapoanza.

Servo ikiwa inacheza hivyo kwa betri, safiri na ncha za multimita njia nzima. Gusa kwenye miguu ya betri yenyewe, andika namba. Gusa pini ya Vin, umeme unapoingilia kwenye bodi, na GND, andika. Gusa 5V na GND, andika. Gusa kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuungia nyaya, mahali servo inapochukulia umeme, andika. Ukiona 6 na kitu kwenye betri, mwizi ni betri. Ukiona betri imesimama vizuri lakini kwenye servo kumeshuka, mwizi yuko katikati. Ndivyo fundi wa bomba anavyotafuta maji yanapopotelea kati ya Bagira na nyumbani kwako: hachimbi barabara yote, anafungua koki moja baada ya nyingine.

Na mwizi wa katikati ana tabia ya kukaa mahali ambapo hakuna anayemshuku: waya. Zile nyaya za rangi zenye vichwa vya pini zinazokuja na seti, nyingi ni nyembamba mno, na baadhi si shaba safi. Peleka sumaku. Ikishika waya wenyewe, mbali na vichwa, ndani mna chuma. Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote na watu wachache wanakitumia. Servo ikiwa inafanya kazi, gusa ncha moja ya multimita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya uleule. Ndiyo, waya mmoja, ncha zote mbili. Waya mzuri utakuonyesha karibu sifuri. Ukisoma 0.2 au 0.3, waya huo unakula volti ambazo ni za servo. Fanya hivyo pia kwa waya wa GND, kwa sababu mkondo unaokwenda lazima urudi, na njia ya kurudi ikiwa mbovu ni sawa na njia ya kwenda ikiwa mbovu. Vijana hukagua waya mwekundu mara kumi, mweusi hawautazami.

Bredibodi nayo. Kama ni ile ndefu, tazama mistari myekundu na ya buluu pembeni. Kwenye nyingine mistari hiyo imekatika katikati, kumaanisha chuma cha ndani pia kimekatika, na nusu ya pili haina umeme mpaka uunganishe kwa kipande cha waya. Na matundu yaliyowahi kuchomekwa waya mnene hulegea. Sogeza servo mashimo mawili kando uone. Mji wetu una unyevu mwingi, pini zikikaa miezi ya mvua bila kifuniko hupata kutu nyembamba. Zifute kwa kitambaa kikavu, zichomoe na kuzichomeka mara mbili tatu.

Waya wa USB ni vilevile. Ukitumia chaja ya simu na waya mrefu mwembamba, kwa nusu ampea unaweza kupoteza 0.2 ya volti kwa mita moja, na zaidi kwa waya mbovu. Chagua mfupi na mnene.

Sasa dawa. Kosa kubwa la michoro ya seti hizi, na linaniudhi kwa sababu linawafukuza watoto wenye vipaji, ni kuonyesha servo ikinyonya umeme kutoka pini ya 5V ya bodi. Hukusema umeunga wapi waya mwekundu wa servo, lakini nadhani ni hapo. Itoe. Mpe servo chakula chake. Nunua kibebeo cha betri nne za AA, weka za alkali, utapata volti 6, au za kuchaji, utapata 4.8, na zote mbili servo yako inazipokea. Betri ya AA ni nene, ukinzani wake wa ndani ni mdogo, nusu ampea kwake si msiba. Waya mwekundu wa servo uende kwenye chanya ya kibebeo, wa kahawia kwenye hasi, wa rangi ya chungwa ubaki kwenye pini ya bodi inayotoa amri. Halafu, na hapa usisahau, unganisha hasi ya kibebeo na GND ya bodi kwa waya mmoja. Bila waya huo amri haina mahali pa kusimamia, na servo itatetemeka kama mwenye malaria hata kama betri ni mpya. Chanya za vyanzo viwili usiziunganishe kamwe.

Bodi yenyewe, pamoja na skrini na kihisi, ilishe kwa USB kutoka chaja ya simu au pawabanki. Baadhi ya pawabanki huzima zenyewe zikiona mkondo mdogo, zikidhani simu imejaa. Ikizima baada ya nusu dakika hivi huku kila kitu kikiwa kimetulia, ujue ni hilo, jaribu nyingine.

Ukitaka chanzo kimoja tu, tafuta chaja ya volti 5 yenye ampea 2 na ugawe umeme kwenye bredibodi kabla haujaingia kwenye bodi: njia moja kwa servo, nyingine kwa bodi. Mkondo wa servo usipite ndani ya bodi. Ukikata waya wa USB ili upate nyaya za umeme, pima kwanza ipi ni chanya, kwa sababu rangi za nyaya za bei nafuu hazina uaminifu. Chaja yenyewe usiifungue, ndani mna 220.

Ongeza kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme kidogo, ya mikrofaradi 470 au 1000, ya volti 10 au 16, karibu na servo, kati ya chanya na hasi yake. Upande wenye mstari mweupe ni hasi, ukiugeuza inaweza kupasuka usoni. Lakini usiitegemee kwa makubwa. Kapasita ya 470, ukiiomba nusu ampea na kukubali volti ishuke kwa 1, inakupa kama sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Ni kibuyu cha kunywea, pipa linabaki kuwa betri. Inasaidia ile nukta servo inapoamka, haigeuzi betri dhaifu kuwa yenye nguvu.

Kuhusu sola ya nyumbani: moja kwa moja, hapana. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa kwenye jua na haina mzigo, hutoa 21 au 22, na bodi hii haivumilii zaidi ya 20. Itakufa kweli, na safari hii sitakuwa na la kukuambia. Betri ya gari ikiwa imepumzika ni 12.6, ikichajiwa inapita 14, na tatizo la regulata kuungua unalijua sasa. Kuna njia rahisi inayouzwa kila mahali: chaja ya gari, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kutoa USB. Ndani yake mna kigeuzi kinachoshusha 12 hadi 5 bila kuchoma ziada kuwa joto kama inavyofanya regulata. Tafuta tundu lake, unga kwenye betri, na weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na nguzo ya chanya. Hiyo fyuzi si mapambo. Betri ya gari ikipata shoti inatoa mamia ya ampea, waya unawaka mwekundu kabla hujauachia. Mwambie baba au mjomba asimame nawe siku ya kuunga.

Zile betri za duara zinazotolewa kwenye kompyuta kuukuu, mtu akikushawishi, ziache kwa sasa. Zina nguvu sana, na ndiyo hatari yake: bila bodi ndogo ya ulinzi, shoti moja ni moto.

Fanya hayo Jumamosi, bila haraka, servo ikiwa na betri zake nne. Ikiwa NIMEANZA bado inarudi kwenye skrini, niandikie namba tatu zilizopimwa servo ikiwa inacheza: volti kwenye miguu ya betri za servo, volti kati ya 5V na GND ya bodi, na volti kati ya ncha mbili za ule waya wa GND unaounganisha kibebeo na bodi. Kwa namba hizo tatu nitajua pa kukutuma.